Kabla ya kujaza fomu ya chama, muulize aliyewahi kuitwa kikaoni

Wewe uliyeanza kazi kiwandani mwezi huu, habari ya chama cha wafanyakazi hutaisikia kwanza ofisini. Utaisikia kwa mama lishe, sahani ya wali mkononi: "Usijaze ile fomu, watakukata bure." Kesho yake mzee wa mashine atakunong'oneza, "Jaza, mwanangu, hujui la kesho."

Mimi nilijaza TUF 6, ile fomu ya kumruhusu mwajiri akukate ada ya chama, kwa sababu zamu yetu yote ilijaza. Sikuisoma. Mwenzangu niliyeanza naye siku moja alikataa, naye kwa sababu ileile: meza aliyozoea kulia ilikuwa ya wanaokataa. Miezi minane baadaye akaitwa kwenye kikao cha nidhamu, kisa mzigo uliopungua stoo. Sheria inamruhusu mtu kuingia na mwakilishi wa chama au na mfanyakazi mwenzake. Chama hakuwa nacho. Wale wa mezani, wenye maneno yao, kila mmoja siku hiyo alikuwa na udhuru. Akaingia peke yake, akatoka na barua. Alipokuja kukumbuka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi zilishapita.

Sisemi chama kingemwokoa. Mwakilishi wetu wa wakati ule, kusema kweli, alikuwa hodari wa kugawa fulana za Mei Mosi kuliko wa vikao. Ndiyo maana mtafute aliyewahi kukalishwa kwenye kile kiti, umuulize: nani aliingia naye? Alizungumza, au aliandika tu mahudhurio? Huyo, hata kama ni mkimya kazini, ndiye wa kumsikiliza.

Makato nayo yana mtego wake. "Nisipojiunga hela yangu imepona" si kweli kila mahali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu ulazimishwe uanachama, lakini chama chenye wanachama wengi kazini kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, isiyozidi ile ya mwanachama. Unakatwa, na kura ya kumchagua mwakilishi huna. Mezani hawakwambii hilo. Wengi wao hawalijui. Tazama slipu yako ya mshahara.

Ukijaza kisha ukajuta, mlango upo: notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Nakala iliyogongwa muhuri ipeleke nyumbani, usiiache kwenye kabati la kubadilishia nguo. Yangu ilipotelea humo.