Ramani za kale za Afrika: mmeuliza, nawajibu

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu kukusanya ramani za kale, nimechukua maswali manne.

Kwa nini ramani za zamani zina milima isiyokuwepo Afrika Magharibi?

Hiyo ni Milima ya Kong. Mchora ramani Mwingereza James Rennell aliichora 1798 kwenye ramani ya kitabu cha safari za Mungo Park, mpelelezi wa mto Niger, maana aliamini mto Niger hauendi baharini kwa hiyo lazima kuna kitu kinauzuia. Baada ya hapo ikawa kukopiana tu karibu miaka 90, mpaka Mfaransa Binger akapita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 akakuta hamna milima.

Nimeona ramani ina ziwa moja kubwa ajabu Afrika Mashariki, limekaa kama konokono asiye na nyumba. Feki?

Feki wapi, hiyo ukiipata shika! Ni ya Erhardt na Rebmann, wamisionari wa Rabai karibu na Mombasa, ilisambaa 1856. Huko bara kwenye maziwa hawakufika, waliwauliza watu wa misafara, na kila njia waliyoiulizia waliambiwa mbele kuna maji makubwa, basi jamaa wakayaunganisha yote yakawa ziwa moja. Kumbe kuna Nyasa, Tanganyika na Nyanza (ndiyo Victoria), wasafiri walisema kweli, aliyeharibu ni mwenye kalamu. 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke wakafika Tanganyika, mwaka huohuo Speke akaiona Nyanza. Kinachonichekesha, Rebmann huyohuyo alisema 1848 kaona theluji Kilimanjaro, wasomi London wakambeza, na hapo ndo alikuwa sahihi!

Nitajuaje si printi ya juzi?

Chukua lenzi. Ukiona vinukta vya rangi vimejipanga, ni ya mashine ya kisasa, achana nayo. Iliyochapwa kwa bamba la shaba mara nyingi ina alama ya kubonyea kuzunguka mchoro, ila za karne ya 19 zilizochapwa kwa jiwe hazina, usimwite muuzaji mwizi bure. Mkunjo wa katikati usikutishe, nyingi zilitolewa kwenye atlasi.

Yenye makosa si bei inashuka?

Wapi, makosa ndo yanatafutwa, hata zile za karne ya 17 zenye California kama kisiwa watu wanazigombania. Mfuko mwepesi anza na za atlasi za karne ya 19 zenye Kong, zilichapwa nyingi, za Ortelius, mchora ramani wa karne ya 16, waachie wenye hela. Na tafadhali, ikichanika usiizibe kwa seloteepu.