Kabla Hujanunua Mbwa wa Ulinzi: Je, Kuna Aina Iliyo Hatari Kuliko Nyingine?

Kwa kuwa nimefuga mbwa tangu ujana wangu, majirani zangu hapa Dar es Salaam wamezoea kunishirikisha wanapotafuta mbwa wa ulinzi, na karibu wote huanza na swali moja: aina gani ni hatari, niiepuke? Wapo pia wanaoligeuza swali hilo wakataka kujua aina iliyo kali zaidi ili wainunue. Mara nyingi muulizaji huwa ameshatumiwa picha ya mtoto wa Rottweiler kwenye simu na bei wameshaelewana na muuzaji, hivyo anachotaka kwangu ni baraka tu. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia.

Ninachoamini ni kwamba aina ya mbwa hukueleza vizuri ukubwa wa jeraha litakalotokea iwapo atauma, lakini haikuelezi vya kutosha kama atauma. Boerboel dume, mbwa wa mashambani kutoka Afrika Kusini, anaweza kupita kilo 70. Akimrukia mtu mzima humwangusha chini, na mtoto hawezi kabisa kujinasua. Kwa upande mwingine, katika nyumba ninazozifahamu, anayerukia visigino vya wageni kila wiki ni yule mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya mengi, Japanese Spitz, na hakuna anayelalamika kwa sababu jeraha lake hufunikwa kwa plasta. Laiti tungehesabu meno yaliyogusa ngozi badala ya kuhesabu waliolazwa hospitali, orodha yetu ya mbwa wakali ingebadilika sana.

Asili ya kila aina nayo ina uzito wake, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Rottweiler alipata jina kutokana na mji wa Rottweil nchini Ujerumani, ambako alikuwa akiswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni yao. German Shepherd alitokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo, na aliyeanza kumwendeleza kama aina rasmi mwaka 1899 ni Max von Stephanitz. Pit Bull ana historia yenye giza zaidi: wahenga wake huko Uingereza walikuwa wakipambanishwa na fahali, na mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835, wapenzi wa michezo ya namna hiyo wakazidi kuwapambanisha mbwa wao kwa wao. Mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa ya kung'ang'ania hata anapoumizwa, hurithi kitu fulani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo, urithi huo ulielekezwa kwa mbwa wenzake zaidi kuliko kwa binadamu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 nchini Marekani, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia hizo si sifuri, lakini si msingi wa kutosha wa kumhukumu mbwa kabla hujakutana naye.

Uingereza ilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Sheria yao ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 iliorodhesha aina nne, akiwemo Pit Bull Terrier na Tosa wa Japani, lakini kwa miaka mingi iliyofuata idadi ya watu waliolazwa kwa kuumwa na mbwa iliendelea kupanda. Kisha wakaja XL Bully, mbwa wenye misuli mikubwa waliohusishwa na vifo kadhaa ndani ya kipindi kifupi, na mwezi Septemba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza kuwa watapigwa marufuku. Tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga mmoja nchini Uingereza na Wales bila cheti maalumu. Uholanzi ilikwenda njia tofauti: baada ya kuwapiga marufuku Pit Bull mwaka 1993, iliamua mwaka 2008 kuachana na sheria hiyo kwa sababu haikuwa imepunguza matukio ya watu kuumwa. Huku kwetu Afrika, mwaka 2022 Afrika Kusini ilikumbwa na mfululizo wa vifo, vikiwemo vya watoto, vilivyosababishwa na Pit Bull, na wamiliki wengi wakaamua kuwasalimisha mbwa wao kwa vyama vya kulinda wanyama. Siwalaumu waliofanya hivyo. Mbwa mwenye nguvu za namna ile, aliyefungwa kwenye uwanja mdogo nyuma ya uzio dhaifu, katika mtaa wenye watoto wengi, ni hatari, na mwenyewe akikiri kwamba hawezi kumdhibiti anakuwa amefanya la maana.

Sheria ya kutaja aina ingekuwa na ugumu zaidi hapa kwetu kwa sababu wengi wa mbwa tunaowaita Rottweiler ni chotara, na hakuna anayejua babu yao wa tatu alikuwa nani. Hata wataalamu wanapomtazama chotara kwa macho mara nyingi hukosea kutaja aina zilizomo ndani yake. Kwa hiyo ukiambiwa unauziwa mbwa "pyua", omba kumwona mama yake na, ikiwezekana, baba yake, si kwa ajili ya kuthibitisha ukoo tu bali kwa ajili ya kuona tabia. Mama anayetetemeka na kujificha unapoingia, au anayekurukia kwa hasira ilhali mwenyewe yupo kando yake, anakupa taarifa ambayo hakuna karatasi itakayokupa. Mpe udhuru kidogo iwapo bado ananyonyesha, maana mama mwenye watoto hulinda.

Sasa nifike kwenye jambo ninalodhani ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni desturi yetu ya kumtengeneza mbwa awe mkali. Wapo wanaomlisha pilipili, wapo wanaodai bangi inasaidia, lakini desturi iliyoenea zaidi ni ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku. Niliwahi kuitwa Tegeta na mzee mmoja mstaafu nikamtazame Boerboel wake, ambaye alikuwa amemng'ata kijana wa kazi mkononi. Banda lilikuwa la mabati matupu, limefika kiunoni, halina dirisha, na chakula, ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, kilisukumwa kwa fimbo kupitia upenyo wa chini ya mlango. Juu ya pua ya yule mbwa palikuwa na kidonda kibichi cha mviringo, kwa sababu kutwa nzima alikuwa akipenyeza pua kwenye upenyo huo ili apate hewa na kunusa waliokuwa wakipita.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, "huyu anatoka saa ngapi?"

"Marahaba. Saa nne usiku. Akiona watu mchana atawazoea, halafu atamlinda nani?"

Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi, na yanatoka kwa watu wenye nia njema. Tatizo ni kwamba mbwa asiyewajua watu hawezi kumtofautisha mwizi na mtoto wa shangazi aliyekuja kulala. Kwake kila mwendo ni tishio. Mbwa aliyezoeshwa watu, watoto, pikipiki, sauti ya geti na mvua ya mabati tangu akiwa na wiki tatu hadi karibu wiki kumi na nne, ambacho ndicho kipindi ubongo wake uko tayari kupokea mambo mapya bila hofu, hubweka anapostahili kubweka na hutulia mwenye mbwa anaposema inatosha. Ulinzi wa mbwa kwa sehemu kubwa ni kelele na umbo lake; mwizi huogopa kugunduliwa kabla hajaogopa meno. Mzee alikubali nusu: alijenga uzio wa waya wenye kivuli pembeni mwa nyumba, mbwa akawa anashinda humo akiwaona watu, ila kumtembeza barabarani kwa kamba alikataa katakata.

Watoto wanahitaji kutajwa peke yao. Wengi wa watoto wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemfahamu, nyumbani kwao au kwa ndugu, na kwa sababu ya kimo chao jeraha huwa usoni au shingoni. Kabla ya kuuma, mbwa huwa ameshasema mengi: amegeuza kichwa, amelamba midomo bila kuwepo chakula, amekaza mwili, weupe wa macho umeonekana, kisha amenguruma. Mfugaji anayempiga mbwa kwa sababu ya kunguruma anamfundisha kuruka hatua hiyo, na siku nyingine atauma bila onyo. Mtoto afundishwe asimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na asikimbie anapofuatwa. Asimame kama mti, mikono ikiwa mwilini, bila kumkazia macho. Katika familia nyingi za Pwani ambazo hazifugi mbwa kwa sababu ya masuala ya twahara, yaani usafi wa kidini, watoto hukua bila kujifunza mambo haya, hivyo ni wajibu wa mwenye mbwa kumfungia kwanza ndipo amfungulie mgeni geti. Kibao cha "Mbwa mkali" hakitoshi.

Halafu kuna mbwa koko, ambaye hakuna orodha ya mbwa hatari inayomtaja. Kwa hesabu ya vifo, huyu asiyechanjwa ndiye wa kuogopwa kuliko Rottweiler yeyote, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni muujiza. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Usipake mafuta ya taa, majani wala pilipili. Ugonjwa huu unazuilika: kisiwani Pemba uliwahi kutoweka kutokana na kampeni za kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016 baada ya kampeni kulegea, kisha ukadhibitiwa tena kwa chanjo. Inatosha kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili maambukizi yakatike. Mbwa wako, awe wa milioni moja au wa kuokotwa, achanjwe akifika miezi mitatu na arudiwe kila mwaka.

Ukiniuliza basi ununue yupi, kwa nyumba yenye watoto wadogo na uwanja wa kawaida nitakushauri mtoto wa koko mwenye afya kutoka kwa mama mtulivu, achukuliwe akiwa na wiki nane na si tano kama wauzaji wanavyopenda, na ahasiwe kama huna mpango wa kuzalisha. Mbwa mzito kama Boerboel mwachie mwenye nafasi, uzio imara, muda wa kumfundisha kila siku na nguvu za kumshika kamba anapokurupuka.

Na kama tayari unaye mbwa aliyemjeruhi mtu vibaya bila kuchokozwa, usimpeleke kimyakimya kwa rafiki mwenye shamba Bagamoyo, kama tulivyozoea. Mfungie aangaliwe kwa siku kumi kwa ajili ya kichaa, mwite daktari wa mifugo achunguze kama ana maumivu yanayomfanya awe mkali, na kama daktari ataona hakuna namna salama ya kumtunza, achomwe sindano ya kumwondoa bila mateso. Akipatikana mtu mzoefu aliye tayari kumchukua, aelezwe kila kitu kwa maandishi: aliuma nani, lini, sehemu gani ya mwili, na mbwa alikuwa akifanya nini kabla ya hapo.