Jibu: Kila nikifikiria ritani za KRA nachoka

Ndugu, umesema umekwepa ritani, ile fomu ya mapato ya mwaka inayopelekwa KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), tangu Januari ukingoja kupata hamu. Hamu ya kujaza fomu za ushuru utaingoja hadi kiama. Kazi ya aina hii huanzwa na mkono, moyo ukifuata ni bahati.

Leo usijaze chochote. Itishe tu P9 kwa mwajiri wako, ile fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima, kisha hakikisha nywila yako ya iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, bado inakubali. Wengi huichukia kazi hii kwa sababu wanakaa chini usiku, wamechoka, ndipo wanagundua nywila imesahaulika na barua pepe waliyojisajilia ni ile ya enzi za chuo. Hasira zote huanzia hapo! Ukishakuwa na P9 mkononi, kama mshahara ndio mapato yako pekee, kinachobaki zaidi ni kunakili: mshahara, makato, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara). Ukishatuma, risiti ukiipata ihifadhi.

Wiki ya mwisho ya Juni iogope, mtandao huwa mzito ajabu. Ukipitisha tarehe 30, siku ya mwisho ya kutuma, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Mimi hizo heri nizile nyama choma.