Kabla hujalipia kichwa cha treni ya modeli, pima kona yako

Wengi wanaoanza kujenga treni za modeli huanzia kwenye picha. Wanaona kichwa cha umeme chenye rangi safi, vioo, vipanguzi, mpaka ngazi za dereva. Wanalipia, na mzigo ukishafika Dodoma ndipo wanajiuliza kitapita wapi. Geuza mpangilio huo: anza na geji, kisha kona, kisha mabehewa, na kichwa kiwe cha mwisho. Ribiti za pembeni hazionekani ukisimama hatua moja kutoka mezani, lakini behewa lililo fupi kuliko linavyopaswa, au linaloning'inia nje ya reli kwenye kona, kila mtu analiona.

Geji, yaani upana kati ya reli mbili, kwetu inahitaji uangalifu kuliko kwa mjenzi wa Ulaya, maana Tanzania ina tatu. Reli ya Kati ya zamani, MGR, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ni 1,067. SGR ni 1,435. Sasa zigawe kwa 87, ambayo ndiyo skeli ya HO (1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi). SGR inatoka 16.5, na hiyo ndiyo reli ya kawaida ya HO inayopatikana kila duka la modeli. MGR inatoka 11.5, TAZARA 12.3. Reli ya modeli iliyo karibu na zote mbili ni ya milimita 12, inayoitwa HOm: MGR inazidishwa nusu milimita, TAZARA inapunjwa kama robo. Hilo livumilie, halionekani.

Kwa hiyo anayetaka Dodoma yenye MGR na SGR kwenye meza moja anahitaji reli za aina mbili, 16.5 na 12, na kila kitu juu yake kiwe 1:87. Kishawishi ni kuweka MGR nayo kwenye 16.5 kwa kuwa ndiyo rahisi kupata. Ukifanya hivyo, tofauti ya reli mbili ambayo hata abiria anaiona kwa macho inapotea, na hakuna rangi itakayoirudisha.

Mtego mwingine ni modeli za Kiingereza za OO. Zinapita kwenye reli hiyohiyo ya 16.5, ila mwili wake ni wa 1:76, mkubwa kwa asilimia 14 hivi kuliko HO. Behewa la kimo cha mita 3.9 linakuwa milimita 45 kwenye HO na 51 kwenye OO. Ukizichanganya kwenye treni moja, paa zinapanda na kushuka kama ngazi. Ukichagua OO, ishi nayo moja kwa moja, pamoja na majengo na watu wake. Kwa chumba kidogo kuna N, 1:160 kwenye reli ya milimita 9, lakini huko pia Waingereza wana 1:148 yao, kwa hiyo soma lebo ya boksi.

Sasa kona, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Behewa la kawaida la abiria la Ulaya lina urefu wa mita 26.4, na kutoka katikati ya bogi moja (fremu yenye magurudumu chini ya behewa) hadi nyingine ni mita 19. Kwenye HO hiyo ni milimita 303 na 218. Behewa likiwa kwenye kona, tumbo lake linaingia ndani ya kona. Kujua linaingia kiasi gani, chukua umbali wa bogi kwa bogi, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Kwenye kona ya milimita 360 (hiyo ni nusu kipenyo), ambayo ndiyo huja na seti nyingi za kuanzia, unapata 16.5. Yaani tumbo linahama kwa upana wa reli nzima! Kwenye kona ya 550 linahama karibu 11, na treni inaanza kuonekana kama treni. Hesabu hii, pamoja na jinsi ncha za behewa zinavyotoka nje ya kona, ndiyo inayokuambia pia njia mbili sambamba ziachane kiasi gani ili mabehewa yasisuguane.

Plaiwudi ya kawaida ya futi 4 kwa 8 ina upana wa sentimita 122. Ukiacha sentimita sita kila upande kwa usalama, unabaki na kona ya milimita 550 kwa njia moja. Kwa hiyo mabehewa ya 303 yanafaa kwenye plaiwudi moja, alimradi usinunue seti ya kona za 360 halafu ukajifunga nazo. Ukilazimika kubaki na kona kali, viwanda hutoa mabehewa yaliyofupishwa makusudi: yale ya milimita 282, ambayo urefu umepigwa kwa 1:93.5 huku upana na kimo vikibaki 1:87, na yale ya 264, urefu kwa 1:100. Ya 282 jicho linayakubali. Ya 264 yanakubalika yakiwa peke yake, lakini usiyaunge na ya 303. Madirisha na nafasi za milango hazitalingana, na treni nzima itaonekana ya kuokoteza.

Usitegemee kukuta dukani modeli ya SGR yetu iliyo tayari. Utanunua kitu cha karibu na kukirekebisha. Treni ya EMU (ya umeme isiyo na kichwa cha kuvuta), mchongoko, ndiyo inayotamaniwa na kila mtu, na ndiyo ngumu kuliko zote, maana pua yake ndiyo utambulisho wake na mtoto wa Ihumwa anaijua. Ukiweka pua ya treni ya nchi nyingine, rangi haitaficha. Kichwa cha umeme na mabehewa ya kuvutwa kinasamehe zaidi: paa bapa, sura ya boksi, pantografu (mkono wa paani unaochukua umeme wa waya). Hesabu ekseli kwenye picha ya kichwa halisi kabla ya kununua cha modeli. Bogi yenye ekseli mbili na yenye ekseli tatu haziwezi kudanganyana. TRC, shirika la reli, ilinunua pia mabehewa ya ghorofa yaliyotumika Ujerumani yakakarabatiwa, na mabehewa ya ghorofa ya Kijerumani yapo ya HO kutoka zaidi ya kiwanda kimoja, kama Roco na Piko. Halisi ya aina hiyo huwa na mita 26.8, hivyo modeli kamili ni milimita 308. Likiwa fupi zaidi, limekatwa.

Vipimo vya kitu usichokuwa na michoro yake unaweza kuvitoa kwenye picha. Simama mbele kabisa ya treni, usawa wa katikati, mbali kadiri inavyowezekana, na uvute lenzi badala ya kusogea. Kwenye skrini pima umbali wa reli kwa reli chini ya ekseli ya mbele. Hiyo ni 1,435. Kisha pima upana wa uso na upige hesabu ya uwiano. Kosa litakuwepo, dogo. Kwa rangi, piga asubuhi upande wenye kivuli, kwa sababu jua la saa sita Dodoma linachubua kila kitu kwenye picha. Na ukipaka, ongeza nyeupe kidogo: rangi ileile kwenye kitu kidogo huonekana nzito zaidi.

Wapenzi wa mvuke huitamani Garratt, kichwa kikubwa cha mvuke, ya kundi la 59 la East African Railways. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock ya Manchester, 1955 hadi 1956, tani 252 kila moja, na zilipewa majina ya milima, ikiwemo yetu: Mount Gelai na Mount Shengena. Lakini kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa na Nairobi. Kwenye HOm inakuwa milimita 365, pambo zuri la kabati. Kuiegesha stesheni ya Dodoma au Manyoni ni kosa la historia, tena la wazi.

Turudi kwenye ununuzi. Mitumba ya mtandaoni ina bei nzuri na ina Märklin nyingi. Märklin ya HO hutumia mfumo wa reli tatu: reli mbili za pembeni ni waya mmoja, na waya wa pili ni vinundu katikati ya mataruma vinavyoguswa na kibao kirefu chini ya kichwa. Magurudumu yake hayana kihami kati ya kushoto na kulia. Behewa moja tu la aina hiyo ukiliweka kwenye reli zako mbili za DC (umeme wa mkondo mmoja), shoti. Ukiwa na mita ya umeme, weka ncha moja kila gurudumu la ekseli moja. Ikilia, badilisha ekseli au liache. Trix ya sasa ni ya nyumba hiyohiyo, ya reli mbili.

Muuzaji akupe picha ya chini na video ya kichwa kikienda polepole pande zote mbili. Kikiruka au kuchechemea kila mzunguko wa gurudumu, mara nyingi gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli. Hiyo inatengenezeka spea ikiwepo. Fremu ya chuma iliyovimba au yenye nyufa kama za udongo mkavu haitengenezeki. Ni aloi ya zinki iliyooza yenyewe, usiinunue kwa bei yoyote. Magurudumu ya zamani yenye flenji (ukingo wa ndani wa gurudumu) ndefu yatagonga vishikio vya reli fupi ya kodi 75 (kimo cha reli, milimita 1.9), ingawa kwenye kodi 100 (2.5) yanaweza kupita. Nafasi ya ndani kati ya magurudumu ya 16.5 iwe karibu 14.4, ikipungua, behewa linapanda reli kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika. Viunganishi viwe na mfuko wa NEM 362, kiwango cha Ulaya, ili ukichoka na aina moja uchomoe uweke nyingine bila kukata kitu.

Kichwa cha DC kijaribu kwa betri ya redio ya volti 9 kwenye magurudumu. Chenye dekoda ya dijitali (saketi ya kupokea amri) kinaweza kukataa na bado kikawa kizima, hasa cha sauti. Chaja ya kuendeshea treni isome volti 100 hadi 240. Ya Kimarekani ya 120 tu itaungua mara ya kwanza unapoichomeka.

Bei uliyoiona siyo utakayolipa. Ushuru wa forodha hupigwa kwenye bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Kwa hiyo agiza spea ndogo pamoja na kichwa, hasa tairi za mpira za magurudumu ya kuvuta, seti mbili. Hewa kavu huku inazikausha na kuzipasua, na kuziagiza peke yake baadaye kunaweza kugharimu usafiri mwingi kuliko tairi zenyewe. Oili iwe tone la ncha ya sindano kwenye mwisho wa ekseli, basi. Ikizidi, inashikana na vumbi la kiangazi na kula gia. Kusafisha magurudumu, omba isopropili kwa fundi simu, lowesha tishu, ilaze juu ya reli, weka bogi moja juu ya tishu na nyingine kwenye reli tupu, kishike kichwa kwa mkono na uwashe. Tishu ikitoka nyeusi, rudia upande wa pili.