Udongo wa kwenye daftari na udongo wa shimoni

Nilipokwenda fildi mara ya kwanza nilikuwa na A ya mekanika ya udongo. Siku ya pili fundi mmoja, mzee aliyeishia darasa la saba, alinichukulia bonge kutoka kwenye shimo la msingi. "Injinia, udongo gani huu?" Nikasema tupeleke maabara. Mzee akamega kidogo, akatafuna kwa meno ya mbele, akatema. "Unakwaruza. Huu si mfinyanzi." Vibarua wakaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa aibu.

Wadogo zangu mnaosoma uhandisi ujenzi, mzee yule alikuwa sahihi. Chembe ya mchanga ina kipenyo cha kati ya milimita 0.06 na 2, unaiona. Ya mfinyanzi iko chini ya milimita 0.002. Katikati yake kuna silti, na hapo macho hayasaidii, ila meno yanasaidia: silti inakwaruza, mfinyanzi unateleza kama siagi. (Msijaribu kwa udongo wa karibu na choo au gereji.) Anayeona kinyaa aweke donge lililolowa kiganjani, kisha agonge kiganja hicho ubavuni kwa mkono wa pili. Silti itang'aa, maji yamepanda juu. Ikibanwa, mng'ao unatoweka. Mfinyanzi hata ugonge vipi, kimya.

Mng'ao huo unakwenda wapi? Nenda Coco Beach maji yakipwa, ukanyage mchanga uliolowa. Kuzunguka mguu wako unakauka ghafla. Chembe zilikuwa zimebanana. Ukizisukuma hazina njia ila kupandiana, nafasi baina yao zinaongezeka, na maji yanashuka kuzijaza. Mwanasayansi Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo mwaka 1885. Mimi nimekanyaga mchanga ule tangu utotoni, na bado nilimaliza kozi nzima nisiunganishe ufuo na daftari.

Basi ukitaka somo hili likukae, kila swali lianzie kwenye maji. Udongo ni chembe, maji na hewa. Jengo linabebwa na chembe zinazoegemeana na kusuguana. Maji hayana msuguano wa kukusaidia. Mhandisi Karl Terzaghi alijenga fani nzima juu ya wazo hilo: chukua mkazo wote, toa shinikizo la maji, kinachobaki ndicho kinachobebwa na chembe. Wengi wanakariri wakaishia hapo. Shika kalamu.

Uko kina cha mita 3, maji yako mita 1 chini ya ardhi. Udongo ulio juu ya maji una uzito wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, ulio chini yake 20. Mkazo wote ni 18 + 40, yaani kilopaskali 58. Shinikizo la maji ni 2 × 9.81, karibu 19.6. Chembe zinabeba 38.4. Sasa masika yameingia, maji yamepanda hadi usawa wa ardhi, na tuseme udongo wote una uzito wa 20. Mkazo wote 60, maji 29.4, chembe 30.6. Hakuna aliyegusa hata tofali, lakini moja ya tano imeondoka. Kama ni mchanga, nguvu yake ya msuguano kwenye kina hicho imeshuka kwa kiwango hichohicho. Rudia hesabu hii kwa vina tofauti mpaka uifanye ukiwa kwenye daladala.

Ushindiliaji nao ulinifunza kwa fedheha. Tulimwaga moramu, tukapima, tukapata asilimia 91 ya msongamano wa juu kabisa uliopatikana maabara, wakati mkataba unataka 95. Nikaamuru roli la kushindilia lirudi. Likapita, likapita tena, kipimo hakikupanda, na ardhi ikaanza kubonyea na kuinuka kama godoro. Sikuwa nimeelewa kwamba roli linatoa hewa. Maji yakishajaza nafasi hayapati muda wa kutoka, kwa hiyo unayasukuma huku na huku tu. Mchoro wa Proctor, ule wenye kilima, unaoonyesha udongo unashindilika kiasi gani kadiri maji yanavyoongezeka, nilikuwa naujua kwa kuuchora. Sikujua kwamba nimesimama upande wake wa kulia, wa maji mengi. Dawa yake ilikuwa kuuchimbua udongo kwa greda na kuuanika juani siku mbili. Dizeli iliyopotea siitaji.

Vipimo vya maabara vinavyoitwa mipaka ya Atterberg, cha kushika ni kimoja: vinapima tabia ya udongo kadiri maji yanavyobadilika, kutoka kukatika hadi kutiririka. Ila angalieni mnavyokausha sampuli. Mabwana wa maabara hupenda kuzitia kwenye tanuri ili wamalize haraka, na baadhi ya udongo wetu mwekundu wa nyanda za volkano hubadilika kabisa ukikaushwa. Bwawa la Sasumua, Kenya, linalopeleka maji Nairobi, lilijengwa kwa udongo wa namna hiyo. Vipimo vyake vya kawaida viliwatia watu wasiwasi, ikabidi Terzaghi mwenyewe aushughulikie, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Chembe za halosaiti, aina ya madini ya mfinyanzi, zilikuwa zimefungamana katika vishada vigumu, hivyo udongo ulionekana mbaya kwenye jedwali kumbe una nguvu. Jedwali lililotungwa kwa udongo wa Ulaya usilisome kama msahafu.

Na ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, usiubembeleze. Unavimba ukilowa, unasinyaa ukikauka, na nyumba nyepesi ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu haina uzito wa kuuzuia. Uondoe au shuka chini yake.

Siku hizi nikifika saiti mpya, kabla ya kufungua ripoti ya uchunguzi natafuta jirani mwenye kisima. Namwamkia, namuuliza maji yake yanakaa wapi mwezi wa nne. Kuna ripoti moja ilisema maji yako mita 4. Walikuwa wamechimba mwezi wa tisa. Mama mwenye kisima akanionyesha alama kwenye pete ya zege, chini kidogo ya mdomo. "Masika nachota kwa kata, mwanangu, kamba siigusi."