Jibu: Kiwanja cha mteremko Pongwe, Tanga, usikisawazishe chote

Ndugu, umeuliza kama ulete tingatinga lisawazishe kiwanja chote kabla ya kuchora ofisi na karakana ya useremala. Usilete kwanza. Kwa kuwa una barabara juu na njia ya lori chini, mteremko huo ni mali: karakana ikae chini, mbao zishushwe moja kwa moja mlangoni, ofisi ikae juu yake na mlango wake wa barabarani.

Kinachonitia wasiwasi ni mwamba. Huko Tanga ni chokaa, ileile iliyochongwa na maji hadi ikawa mapango ya Amboni. Unapiga sururu unakuta jiwe gumu. Hatua mbili mbele, shimo limejaa udongo. Chimba mashimo ya majaribio pale hasa nguzo zitakaposimama.

Ukuta wa kuzuia udongo uwekewe kokoto nyuma na mabomba ya kutolea maji, la sivyo mvua za masika zitausukuma. Mashine za randa na misumeno zipewe msingi wake, mbali na nguzo za ofisi, mtetemo usipande juu (mhasibu atakushukuru). Vumbi usiliachie upepo. Pepo za kusi na kaskazi hupokezana, hivyo halitaelekea upande mmoja mwaka mzima. Nunua mashine ya kulifyonza.