Santorini kwa muda wa saa 6: Oia unafika, tatizo ni kurudi

Umeuliza kama muda wa saa 6 ambao meli yako ya kitalii inasimama Santorini, kisiwa cha Ugiriki, unatosha kufika kijiji cha Oia. Unatosha: kwa basi kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa, ni kama nusu saa. Wengi hukwama wakati wa kurudi. Meli haifungi gatini. Boti hukushusha bandari ya zamani chini ya Fira, na kupanda ni kwa magari ya kebo, punda au ngazi karibu 600. Kebo yenyewe ni dakika chache tu, ila alasiri abiria wa meli zote hujaa foleni moja, hata saa nzima. Kwa hiyo anza na Oia, umalizie Fira karibu na kebo. Foleni ikikutisha, shuka kwa miguu na raba zisizoteleza: mawe yamelainika, na kinyesi cha punda kimetapakaa. Hesabu muda kwa boti ya mwisho ya kurudi melini, siyo kwa meli kung'oa nanga.